Faili Mbili kwa Wakati Mmoja

Chumba cha Mitambo, Makao Makuu ya Idara ya Maji
3 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Gari la mahitaji linaondoka kesho asubuhi na dereva ameshaniambia hatasubiri barua ya mtu, kwa hiyo naandika nimesimama. Mama hajambo. Goti linamsumbua, lakini mdomo uko salama kabisa.

Kuna jambo la kazi nataka ulisikie kwangu kabla fundi jenereta wenu hajakuletea likiwa limeongezwa chumvi. Unajua vituo vyote vya mtoni vinatumia laini moja nyembamba, na kila faili mnayopakua hupitia kwenye proksi, ile mashine yangu ya katikati. Mwezi uliopita vipimo vya mto kutoka kituo cha juu vilichelewa siku nzima, na Bosi akataka kujua kwa nini. Nikachungulia. Kumbe bwana mmoja kituo cha chini alikuwa anavuta faili kumi na nne kwa mpigo, zote sinema za kareti. Mto ungeweza kufurika, watu wakaelea na magodoro yao, sisi huku tunangoja mtu apigwe teke.

Basi nimeweka kikomo. Kila mtumiaji, faili mbili kwa wakati mmoja. Akigusa ya tatu anapata ujumbe niliotunga mwenyewe: "Tayari unapakua faili mbili. Subiri moja imalizike." Bosi aliusoma akasema una heshima. Nimefurahi, maana heshima yangu huwa haionekani.

Utaniuliza kwa nini mbili, si moja wala tatu. Ni kwa sababu yenu. Mlipoajiriwa wawili kwa nafasi moja na mshahara mmoja, Bosi alikataa kutoa akaunti mbili. Alisema pacha ni pacha, wagawane. Nikaiandikisha kwa jina la Mapema, kwa kuwa ndiye aliyefika kwanza kusaini, kama alivyofika kwanza duniani mkunga akiwa bado anatafuta glavu. Nikawawekea faili mbili, moja yake na moja yako, msije mkagombana. Safari hii nilipotafuta namba ya kuwawekea watu wote, vidole viliandika mbili vyenyewe.

Sasa zote ni zako. Miaka miwili imepita tangu tumzike na sijabadilisha jina la akaunti. Sina sababu ya maana. Nikifungua ule ukurasa namsikia akiniita Bwana Swichi, kwa vile nilikuwa nawazimia televisheni, na hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Basi naufunga.

Kaka yako


Kituo cha Kati
17 Machi

Kaka,

Barua imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai cha dereva. Nadhani aliisoma pia, maana ameniuliza kuhusu sinema za kareti.

Kikomo chako kinanibana mimi nisiye na sinema hata moja. Nilikuambia nasomea stashahada kwa masafa. Mtihani ni mwisho wa Juni. Nikifaulu, nahamishiwa Makao Makuu, narudi kulala nyumbani nikimsikia Mama akigombana na redio. Nikifeli, nafasi hiyo anapewa mtu mwingine, na mimi nabaki hapa kusoma ubao wa kupimia kina cha mto mpaka nywele ziwe nyeupe. Sina kingine ninachokitaka kwa sasa, na ninakitaka sana. Kituo hiki kilikuwa cha watu wawili. Mtu mmoja anakisikia mno.

Jumatatu nilianza kupakua somo la sita. Likiwa linaendelea nikagusa mazoezi yake, ikaja sentensi yako yenye heshima: tayari unapakua faili mbili. Nikatazama. Moja tu. Nikazima mashine, nikawasha, nikaanza upya. Moja. Nikagusa ya pili, nikakataliwa tena.

Kompyuta ni hii hii ya ofisini, ufunguo wa ofisi ninalala nao shingoni, na neno la siri halijaandikwa popote. Naomba uangalie mashine yako kama haijajifunza kuhesabu vibaya. Mimi sina haraka, unanijua, lakini mtihani unayo.

Mpishi anakusalimu. Uzee umemwingia. Mara kwa mara ananiandalia mezani sahani mbili, halafu anaguna na kuiondoa moja.

Mdogo wako,
Kitinda


Chumba cha Mitambo
31 Machi

Mdogo wangu,

Mashine yangu inahesabu vizuri kuliko wahasibu wa Idara. Nimeangalia. Jumatatu ile unayoisema, akaunti yenu ilikuwa inapakua faili mbili. Moja ni somo la sita. Nyingine ni somo la saba. Zote mbili zimeombwa na kompyuta hiyo hiyo uliyokalia, kwa jina lile lile na neno la siri lile lile.

Nilidhani ni hitilafu, nikaitafuta nusu siku. Nilikata laini yenu kwa muda, nikaifungua. Faili zikaanza tena zikiwa mbili. Sasa wewe unasoma la saba, sivyo? Nimetazama leo kabla ya kukuandikia. La pili linalovutwa ni la nane.

Mimi nasema ni fundi jenereta. Yule bwana mikono yake haitulii, na kituoni hakuna la kufanya zaidi ya kuwaza. Labda naye anataka stashahada na anaona haya kusema. Usimgombeze, ila nimebadilisha neno la siri. Siliandiki hapa, dereva asije akasomea na yeye. Ni jina la yule mbuzi aliyekula sare ya shule ukiwa umeianika, mkabaki na sare moja muhula mzima. Nje ya nyumba yetu hakuna anayelijua.

Mama anauliza kama mnakula vizuri. Nikamwambia, Mama, anakula. Akasema, ndiyo, nimesema hivyo.

Kaka yako


Kituo cha Kati
15 Aprili

Kaka,

Fundi jenereta alikwenda likizo mwanzoni mwa Machi na amerudi jana, akiwa na mafua na mke mpya. Hakuwepo. Mpishi hajui hata kuwasha kompyuta, huifunika kitambaa akipita ili isimtazame.

Na lile neno la siri, Kaka. Umesema nje ya nyumba yetu hakuna anayelijua. Mapema hakuwa mtu wa nje.

Nimefikiri sana kama nikuandikie haya au ninyamaze. Nimeona nikinyamaza nitakuwa nakudanganya, na hatujazoea hivyo.

Somo la saba sikulipakua mimi. Nililikuta limeshahifadhiwa, tayari kusomwa. La nane vilevile. Kila nikimaliza somo, linalofuata lipo linanisubiri. Mwanzoni nilimshukuru Mungu kwa laini nzuri. Halafu nikagundua kipanya kila asubuhi kiko upande wa kushoto wa meza. Nakirudisha kulia, kesho yake nakikuta kushoto. Katika ukoo wetu wote, mtu wa shoto alikuwa mmoja.

Wiki iliyopita nimekuta maelezo ya somo yaliyoandikwa kwa ufupi, yale makavu yenye vijembe ndani. Juu ya ukurasa, mahali mimi ningeweka tarehe, pameandikwa "Jumanne, kabla ya chai." Unakumbuka alivyokuwa akiandika tarehe zake. Mwalimu alimchapa kwa ajili hiyo na hakuacha.

Nilikaa pale nikalia, Kaka. Nilipomaliza kulia nikayasoma yale maelezo, na nikalielewa somo ambalo lilikuwa limenishinda.

Kuna kitu sikuwahi kukwambia. Siku walipomlaza nyuma ya gari kumpeleka hospitali, alikuwa katikati ya kupakua somo la kwanza. Sisi wote wawili tulijiandikisha, yeye kwanza. Homa imempanda, midomo imekauka, anatetemeka chini ya blanketi langu, akanishika mkono akasema, "Usifunge. Inaendelea." Basi sikufunga. Mimi nikabaki kwa sababu mtu mmoja lazima abaki asome mto, na yeye akafia njiani. Mkamzika siku iliyofuata. Sikuona chochote. Kwangu mimi aliondoka tu na gari la mahitaji, na lile dirisha dogo la kupakua sikulifunga mwezi mzima.

Siogopi. Nilitaka ujue hivyo. Sasa hivi sahani mbili nazila zote.

Kitinda


Chumba cha Mitambo
29 Aprili

Kitinda,

Nimesoma barua yako nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji, nikairudia. Nitakuambia kama kaka: acha.

Wewe hukuwepo, mimi nilikuwepo. Nilimpokea kwenye gari na blanketi lako. Nilishika kichwa, shemeji akashika miguu. Udongo wa kwanza niliutupa mimi. Ukitaka kujua alivyokuwa, alikuwa mwepesi na alikuwa amenyamaza, na ndipo nilipojua ni kweli, maana Mapema kunyamaza si mchezo. Sikukuandikia haya kwa miaka miwili kwa kuwa niliona yatakuumiza. Sasa naona ningekuumiza mapema ingekuwa nafuu.

Unaishi peke yako mahali palipojengwa kwa watu wawili. Unasoma mpaka unasinzia, unaandika ukiwa nusu usingizini, unashika kipanya kwa mkono wowote uliolala juu ya meza. Mnafanana sura, mtafanana hata mwandiko. Mimi mwenyewe nilikuwa nawachanganya mpaka mmoja afungue mdomo. Anayeongea ni Mapema, anayetazama chini ni wewe.

Bosi ametoa agizo. Laini bado inabanwa, kwa hiyo kikomo kinashuka kutoka faili mbili kuwa moja, vituo vyote, kuanzia tarehe 14 Mei. Ningeweza kubishana naye, huwa nabishana kwa mambo madogo zaidi ya hayo. Safari hii nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Nafasi moja, mtu mmoja. Utapakua somo lako, utaona kwamba hakuna mwingine, utafanya mtihani, utarudi nyumbani. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mimi sitaki kulia mara ya pili.

Mama sijamwambia kitu.

Kaka yako


Kituo cha Kati
13 Mei

Kaka,

Gari lilikwama kwenye matope, barua yako nimeipata leo. Nimejaribu redio ya mawasiliano, inakoroma tu. Namwandikia dereva pembeni ya bahasha akukimbizie hii, ingawa najua kesho ndiyo tarehe 14 na nimeshachelewa, kama kawaida yangu.

Usiishushe. Nakuomba.

Umesema nafasi moja, mtu mmoja. Ni kweli, lakini mashine yako haijui mtu yupi. Haijui nani alizikwa na nani alibaki kusoma mto. Inajua nani ametangulia kubofya, basi. Na kati yetu sisi wawili, lini mimi nilitangulia? Naamka, nanawa, nakwenda mtoni kusoma ubao, narudi, ndipo nafungua ofisi. Nikigusa kompyuta naikuta ina joto.

Sikukueleza yote Aprili, nilitaka usinihurumie. Mwanzoni alikuwa anafanya ya kwake, masomo tu. Wiki mbili tatu hizi anafanya ya kwangu. Narudi mtoni na kipimo nimekishika kichwani, nakuta kimeshatumwa kwenu, na ni sahihi. Naingia jikoni, mpishi anacheka, ananiambia, "Dada, chai umeshakunywa, au tumbo limesahau?" Kikombe kipo pale, kimebaki na tone chini. Juzi fundi jenereta amenishukuru kwa ushauri niliompa kuhusu mkewe. Kaka, mimi na fundi jenereta tunasalimiana tu.

Hakuna ubaya ndani yake. Nataka uelewe hilo. Ananifunika blanketi nikisinzia mezani. Nilimtamani awepo, na sasa yupo, na kama ingekuwa ni kukaa naye tu ningekaa naye maisha yangu yote. Ila kila anapotangulia, kitu changu kimoja kinakuwa kimeshafanywa, na mimi nasimama nimeshika mikono. Zamani akinicheka kwa uzito wangu nilimwambia mwenda pole hajikwai. Yeye ananijibu chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Tulikuwa tunacheka.

Zikiwa mbili, moja ni yake na moja ni yangu. Wewe mwenyewe ndiye uliyetugawia. Tafadhali rudisha mbili. Na kama haiwezekani, bora uifunge akaunti yote, nifeli, nizeekee hapa. Nitazeeka nikiwa mimi.

Kitinda


Chumba cha Mitambo
27 Mei

Mdogo wangu Kitinda, mpenzi wa Mama,

Barua yako dereva ameniletea tarehe 17, kweli akikimbia. Kikomo kilikuwa na siku tatu tayari.

Nilikwenda kwa Bosi nikiwa nayo mkononi, lakini sikuthubutu kumsomea. Nilimwambia tu kituo cha kati kinahitaji faili mbili. Akaniambia utaratibu ni ule ule: ombi la maandishi kutoka kwa mwenye akaunti, lenye saini, naye atalipitisha. Nikamwambia nifunge akaunti basi. Akasema na hilo pia, mwenye akaunti aandike. Ningeweza kujifungia humu ndani nikabadilisha namba bila kumwambia mtu. Ni kazi ya dakika moja. Niliweka vidole juu ya kibodi. Halafu nikajiuliza, nikibadilisha, ninabadilisha kwa sababu gani? Nitakuwa nimekubali kwamba ni kweli. Nikavitoa vidole. Nakuambia ukweli kwa sababu tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Redio ilipata uzima Ijumaa. Nikamwomba fundi jenereta akuite, akasema uko mtoni. Nikamuuliza hali yako. Akasema, "Dada hajambo kabisa. Siku hizi amechangamka, anaongea mpaka raha." Nikamuuliza tena, anaongea? Akacheka. Akasema hata mpishi hajakosea tena sahani. Anaweka moja tu.

Vipimo vyenu vinafika asubuhi kabla ya vituo vingine vyote. Bosi anakusifu mbele ya watu.

Sasa nisikilize vizuri. Proksi inaandika pia wanaokataliwa. Kwa akaunti yenu, nafasi ile moja imeshikwa tangu asubuhi ya tarehe 14 na haijawahi kuachwa wazi. Likiisha somo hili linaingia linalofuata. Lakini pembeni kuna mwingine. Kila siku, baada ya ule muda wa kwenda mtoni, kuna ombi kutoka kompyuta hiyo hiyo, kwa jina hilo hilo, na linakataliwa. Linapata ile sentensi yangu, sasa inasema tayari unapakua faili moja. Siku za kwanza ombi lilikuja tena na tena, kwa saa nzima, kama mtu anayebisha mlango wa kwao. Nilikuwa nakaa hapa nalitazama likija. Nilijua ni wewe. Nilijua, Kitinda, na sikuinua kidole kwa sababu nilikuwa nasubiri karatasi.

Wiki hii yamepungua. Juzi lilikuja moja. Jana sikuona kitu. Leo pia sijaona.

Nimeomba nafasi kwenye gari, nimeambiwa limejaa mapipa ya mafuta mpaka safari ya baada ya mtihani. Kwa hiyo naandika hii, na ndani yake nimeweka karatasi tupu na bahasha yenye anwani yangu. Niandikie ombi. Mistari miwili inatosha, sihitaji salamu. Weka tarehe yako juu, ile kamili, siku na mwezi, kama unavyoweka siku zote. Siku nitakayoiona sitakwenda tena kwa Bosi wala kwa mtu yeyote. Nitarudisha mbili mimi mwenyewe.

Mama ameniuliza jana kwa nini unanyamaza. Nilimwambia una masomo mengi. Akasema, "Sikukuuliza habari za yule mwingine, yule husikika hata akiwa mbali. Nauliza kuhusu Kitinda."

Kaka yako anayekupenda


Jumanne, kabla ya chai

Bwana Swichi,

Samahani kwa wino kupakaa, unaujua mkono wangu, unafuta unachoandika. Karatasi yako tupu nimeipata, na bahasha. Umebandika stempu mbili mahali pa moja. Wasiwasi unakula pesa.

Umetaka maandishi ya mwenye akaunti. Mwenye akaunti ni mimi, na ahsante sana kwa kutolibadilisha lile jina. Hujui lilivyonifaa. Mlinifukia, mkagawana nguo zangu, shemeji akachukua viatu, mimi sikuwalaumu. Lakini kila nilipotazama nikaona bado nina nafasi yangu kwenye mashine ya kaka yangu, moja yake, moja yangu. Mtu aliyewekewa nafasi si mtu aliyeagwa. Nikasema basi wananingoja. Nikaendelea pale nilipoachia.

Kwa hiyo haya ndiyo maandishi, mpelekee Bosi: siombi kuongezewa. Faili moja inanitosha. Saini iko chini.

Kituo hakijambo. Mto uko chini kidogo, ubao wake nimeupaka rangi, namba zilikuwa hazisomeki na mtu alikuwa anazikisia tu kwa upole wake. Mpishi nimemfundisha kuwasha kompyuta, sasa haifuniki tena. Masomo nimeyamaliza yote. Mtihani nitaufanya siku ya kwanza, asubuhi, wengine wakiwa wanatafuta kalamu. Nikishafaulu nitapanda gari la mahitaji, kiti cha mbele safari hii, nije nyumbani. Mwambie Mama asitandike vitanda viwili, kimoja kinatosha. Na mwambie nimemsikia alichosema. Mimi sijakasirika, ila siku moja anitaje na mimi kwa sauti ile.

Najua unataka kuniuliza. Usiulize kwa mzunguko, uliza. Hapana, sikumfanya chochote. Ningemfanya nini, tulilala tumbo moja. Alikuja akabisha kila siku, kwa adabu, baada ya kutoka mtoni. Halafu akawa anakuja amechelewa zaidi, na zaidi, unamjua. Nadhani amekaa chini mahali. Blanketi lake nimemwachia.

Wala usidhani simwonei huruma. Mahali alipo napajua mimi kuliko ninyi nyote. Hapaumi. Ni kusubiri tu, na yeye kusubiri anaweza, mimi ndiye niliyeshindwa. Nilisubiri miaka miwili nikivuta faili moja kwa ncha ya kidole, yeye akiwa na siku nzima, na chai, na mto, na bado alikuwa anasinzia mezani.

Usirudishe mbili, Bwana Swichi. Tukibanana tena hapa, safari hii hatutagawana vizuri. Na kama siku moja ukiwa umekaa kwenye mashine yako ukaona mtu anabisha tena kwa jina letu, usimfungulie kwa huruma. Mpe ile sentensi yako yenye heshima. Mwambie asubiri moja imalizike.

Dada yako,
Mapema